Nilivyojifunza Siku za Kisebu Njia ya Sur

Nyie mashoga zangu mmenichosha. Mmoja ananiuliza kwenye simu, mwingine ananikamata harusini na sahani ya biriani mkononi, wa tatu kasikia kwa jirani yake kwamba nimelala jangwani na Mfilipino. Sikulala jangwani. Nimekaa leo niwaandikieni mara moja, msome kwa zamu, na atakayeniuliza tena nitamwambia akasome upya.

Kwanza lazima niwakumbusheni mambo ya nyumbani. Mamangu, ambaye nyote mnamwita Bi Mkubwa, alipatwa na kiharusi hapa hapa Nizwa, upande wa kulia ukalala. Aliyekuja kumwangalia ni Felisa, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, kutoka kisiwa cha Sebu huko Ufilipino. Kiarabu hakuja nacho, Kiswahili hakupata kukisikia, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Akawa kutwa kucha na bibi wa Mji Mkongwe ambaye tangu tuje huku Oman mwanzoni mwa sabini hajataka kusema lugha nyingine ila yake. Leo Felisa anasema Kiswahili cha ajuza wa Malindi ya Unguja. Akistuka husema "Afanaleki!" Akiagana husema "Haya mwanangu, Mungu akuweke," hata kwa muuza nyanya mwenye ndevu. Watoto wa ndugu yangu Seif, waliozaliwa huku, wakisema "kitu hii nyingi", Felisa huwatazama kama aliyekanyagwa kidole.

Lakini lugha haikwenda upande mmoja. Nikaanza kuona mamangu ananiambia maneno nisiyoyajua. Namuuliza dawa kanywa wakati gani, ananijibu, "Udto." Namuuliza jirani kaja lini kumtazama, ananijibu, "Gahapon." Nikadhani kiharusi kimerudi na sasa kimempiga ulimi. Felisa alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kwa Kisebu udto ni adhuhuri, na gahapon ni jana. Wale wawili chumbani walikuwa wanahesabiana siku kwa lugha mbili, na mimi mtoto wa kuzaa nimebaki mlangoni. Wivu nilioupata sikuuficha. Nikasema, na mimi nitajifunza.

Sasa lililotutoa nyumbani. Felisa ana mtoto wa kike, jina lake Marivic, aliyemwacha kwao hajatimiza mwaka. Aliyemlea ni dada mkubwa wa Felisa, Luz. Mwaka jana Luz naye akaja Oman kutafuta riziki, akapata kazi kwenye nyumba moja Sur, mtoto akabaki na bibi yake. Dada wawili nchi moja, mmoja Nizwa mmoja Sur, na hawakupata kuonana. Halafu habari zikaja kwamba yule bibi macho yanamwisha, na Luz anarudi kwao moja kwa moja kumshika mtoto. Jumamosi mwenye nyumba wake angempeleka Maskati, na Jumatatu ndege. Felisa mwenyewe likizo yake haikuwa na tarehe. Tulikuwa tunasubiri Bi Mkubwa apate nafuu, na Bi Mkubwa hana haraka.

Felisa hakuniomba kitu. Alinambia tu, huku anamkanda mama mguu, "Bi Zuwena, Luz ndie alomuona mwanangu akianza kutembea. Mie nlikuwa nataka anihadithie kwa mdomo wake kabla hajenda. Khalas, sina jengine."

Mimi moyo wangu si jiwe. Nikamwita Seif.

Kutoka Nizwa

Simu tunayo afisini kwangu, nyumbani bado. Kwa hiyo siku mbili kabla ya safari Felisa alinifundisha maneno mawili ya kumpa Luz, ya siku na ya wakati, nikayatia mdomoni njia nzima hadi afisini kama peremende. Nikapiga Sur. Akapokea Luz mwenyewe. Kiswahili hana hata tone, na Kiarabu chake na changu havikukutana. Nikamwambia kwa madaha, "Felisa. Sur. Biyernes, gabii." Ijumaa, usiku. Akapiga kelele ya furaha, akarudia, "Biyernes! Gabii!" Nikaweka simu chini najiona mkalimani wa mataifa, na makarani wenzangu wakanipigia makofi.

Alkhamisi tukaondoka baada ya sala ya alfajiri, ili jua likizama na usiku wa Ijumaa ukiingia tuwe tumeshafika Sur. Mama tulimwacha na jirani yetu Bi Salma, Mpemba, mtu wa maneno machache.

"Nakupa mpaka isha ya Ijumaa, Zuwena," alinambia. "Jumamosi alfajiri mie nenda Bahla, binti yangu kajifungua. Usinicheleweshe, tafadhali."

Seif naye Jumamosi kazini. Siku mbili za mapumziko, Alkhamisi na Ijumaa, ndizo zote tulizokuwa nazo.

Bi Mkubwa hakutuaga. Aligeuza uso ukutani, Felisa akambusu kichwani, akamwambia jambo kwa Kisebu, mama akajibu kwa Kisebu, na mimi sikuambiwa.

Njia ya lami mnaijua: unapanda hadi karibu na Bidbid, kisha unateremka Ibra. Ndefu lakini laini. Ndugu yangu Seif haipendi. Anaona lami ni ya watu wasiojua njia. Tulipopita Izki akakata kulia, kwenye changarawe, akasema, "Tunapita Sinaw. Tutaokoa muda mwingi sana."

"Seif, tuna mtu anayewahi," nikamwambia.

"Ndio maana, dada."

Vumbi likaingia mpaka kwenye kikapu cha mandazi. Felisa kiti cha nyuma akajifunga mtandio usoni, yakabaki macho, na darasa likaanza. Asubuhi ni buntag. Adhuhuri, udto, hiyo nilikuwa nayo. Alasiri ni hapon. Usiku, gabii. Kila nikisema vibaya alikuwa anafanya "tsk" kama anavyomfanyia Bi Mkubwa akikataa uji. Nikamuuliza kwa nini hawana neno la alfajiri, akasema wanalo, kadlawon, lakini hilo ni la wanafunzi wa darasa la juu, mimi bado.

Seif akasema, "Na mimi nifundishe moja." Akafundishwa buntag. Akalisema vizuri mara ya kwanza, nikamchukia.

Sinaw, nyuma ya ngamia

Alichosahau Seif ni kwamba Alkhamisi ni siku ya soko Sinaw. Mabedui wote wa upande ule walikuwepo, na mbuzi wao, na ngamia wao, na pikapu zao zimeegeshwa vyovyote. Mbele yetu watu wanane walikuwa wanampakia ngamia kwenye pikapu, na ngamia hataki. Wanamsukuma nyuma, anakaa. Wanamvuta mbele, analia. Akina mama wa kibedui na barakoa zao za buluu wamesimama pembeni wanatoa ushauri. Nyuma yetu magari yalikuwa yameshajaa. Seif akazima gari, akafungua mlango, akaenda kusaidia kumsukuma ngamia, na suruali yake ya safari ikaishia hapo.

Tukashuka kununua halwa. Felisa akamwamkia muuzaji, "Shikamoo, baba," akamuuliza bei kwa Kiswahili, maana kwake Kiswahili ndiyo lugha ya nje ya nyumba. Muuzaji akamgeukia mwenzake akamwambia kwa Kiarabu, "Sikiliza, ndivyo wanavyosema huko Ufilipino." Nikamwambia Felisa kwa Kiswahili asikubali bei ile. Yule mwenzake akanitazama, akasema, "Ajabu, na huyu naye Mfilipino." Seif akaja kutuita, naye kwa Kiswahili. Wakamhesabu na yeye. Sikuwa na nguvu za kueleza habari za Unguja mbele ya trei ya halwa, nikawaachia.

Tukarudi kukaa garini, ngamia bado. Nikamuuliza Felisa saa ngapi. Akatazama saa yake ya mkononi, akafikiri, akanijibu. Nikaichungulia saa yenyewe, inasema jingine, nikadhani imeharibika. Akasema haijaharibika, hajaigeuza tangu alipotoka kwao, na kila akitaka saa ya hapa hutoa hesabu kichwani.

"Sasa hivi huko adhuhuri ishapita," akasema. "Marivic kalala. Akilala mchana hutoka jasho hapa," akagusa juu ya mdomo. Akaushusha mkono. "Alikuwa hutoka jasho hapa. Sasa sijui."

Nikamwambia anifundishe siku za juma, maana nilikuwa naona machozi yanakuja, yake na yangu. Lunes, Jumatatu. Martes. Miyerkules. Huwebes, Alkhamisi. Biyernes, Ijumaa. Sabado. Domingo. Hazikuniingia. Hapo akatumia njia yake, akaitundika kila siku kwenye shughuli za mama. Lunes ndiyo siku Bi Mkubwa anayodai maharage ya nazi. Martes anakoshwa nywele. Miyerkules anagombana na Bi Salma. Huwebes ikifika magharibi wanafukiza ubani kwa usiku wa Ijumaa. Biyernes anavaa kanga mpya na haendi popote. Kufika Domingo nilikuwa nazisema zote bila kukosea, na nje watu wakapiga vigelegele. Nilidhani ni vyangu. Ngamia alikuwa amepanda.

Ibra, papa na siki

Tulifika Ibra adhuhuri imekwisha. Tungepita moja kwa moja kama si Bi Shariffa, mke wa binamu yetu, aliyezaliwa Mwanza na anayesema Kiswahili cha bara mpaka leo. Kumbe Seif alishampelekea habari. Alikuwa amesimama nje ya geti, mkono kiunoni.

"Seif, paki kivulini! Chakula kimepoa mara mbili, nyie watu mnajua taimu kweli?"

Nikamweleza kwamba tuna haraka, Felisa anamwahi dada yake.

"Mtu hawahi dada yake na njaa," akasema. Nikashindwa.

Akaandaa wali wa nazi na papa mkavu wa mchuzi mzito wa ukwaju, yule papa ambaye Bi Shariffa anajulikana naye jimbo zima la Sharqiyah na hapendi aguswe hata na chumvi. Felisa akaunusa mchuzi, uso ukamchangamka kwa mara ya kwanza siku ile. Akafungua mkoba wake, akatoa kichupa cha siki iliyotiwa pilipili na vitunguu thomu, anachotembea nacho kila mahali, akammiminia papa. Nilifumba macho. Nilipofumbua, Bi Shariffa alikuwa amesimama na kijiko cha wali hewani.

"Unafanya nini, mama?"

"Ndivyo tunavyomla samaki kwetu, bibi," Felisa akasema kwa upole kabisa. "Papa wako mtamu, kanikumbusha nyumbani. Ndo maana nkamtilia cha nyumbani."

Bi Shariffa akakaa. Akasogeza sahani yake, akasema, "Hebu tia." Akaonja, akatafuna muda mrefu. Akasogeza sahani mara ya pili. Kisha akaanza kumuuliza Felisa habari za mtoto, moja moja, kama mama na mama, ana meno mangapi, anapenda nini, anaogopa nini. Felisa alijibu la kwanza, akajibu la pili kwa kubahatisha, la tatu akasema, "Hilo ntamuuliza Luz leo." Bi Shariffa akainuka akaenda jikoni, akachelewa kurudi, na aliporudi macho yalikuwa mekundu na mkononi ana papa mkavu mzima amefungwa gazetini.

"Mpe dada yako ampelekee mtoto. Mwambie papa anatoka kwa bibi yake wa Ibra."

Nikajaribu kumweleza kwamba ndege hazipendi papa. Hakunisikiliza. Ikaja kahawa, ikaja tende, ikaja halwa ya pili, kikaja chetezo, na mgeni hatoki kwa Bi Shariffa bila kufukizwa udi mpaka mikono ya nguo. Seif alikuwa amelala kwenye mswala, viatu chini ya kichwa.

Hapon njia nzima mpaka Sur

Kutoka Ibra kuna lami, na Seif alikwenda kwa kununa. Tukapita Bidiya, mchanga mwekundu umekuja mpaka ukingoni mwa barabara. Tukapita al-Kamil. Felisa alikuwa amebadilisha blauzi kwa Bi Shariffa, amechana nywele, na amemweka papa mapajani. Hakunifundisha tena. Kila kilima alikuwa anauliza, "Baada ya hichi ndio Sur?" Na Seif, ambaye ana roho nzuri hata akinuna, kila kilima alikuwa anajibu, "Bado kidogo, dada'ngu."

Tuliingia Sur jua linazama na waadhini wanaadhini. Tukaiuliza nyumba ya Mzee Hilal, mwenye nyumba wa Luz, tukaonyeshwa. Mlango una kufuli.

Felisa akagonga hata hivyo. Akagonga tena. Akatoka jirani, mzee na bakora yake, anakwenda msikitini. Seif akamuuliza kwa Kiarabu, naye akajibu kwamba Hilal na watu wake wako Qalhat kwa shemeji yake tangu jana, na watarudi kesho magharibi.

"Lazima warudi kesho," akasema yule mzee. "Kesho usiku wana wageni."

"Wageni gani?"

"Kuna Mfilipino mwengine anakuja kutoka Nizwa."

Nikamtafsiria Felisa. Hakulia. Alifikiri, nikaona anahesabu kama anavyoihesabia ile saa yake.

"Bi Zuwena, ulimwambia nini Luz katika simu?"

"Ulichonifundisha. Biyernes, gabii."

"Na ulikusudia leo."

"Si ndio usiku wa Ijumaa huu? Waadhini hao, umeshaingia."

"Umeshaingia kwako na kwa Bi Mkubwa," akasema taratibu. "Mie nimekaa na Bi Mkubwa, uliponambia usiku wa Ijumaa nikafunga mzigo wa Alkhamisi, sikufikiri mara mbili. Luz hakukaa na Bi Mkubwa. Kwetu mchana hutangulia, usiku ukaufuata. Biyernes gabii kwake ni kesho, jua likishazama."

Wenzangu, tangu tuzaliwe tunajua kwamba usiku ndio unaoifungua siku. Tukiambiwa usiku wa Ijumaa tunachoma ubani Alkhamisi, na haijapata kunipitia akilini kwamba kuna watu duniani usiku wao uko nyuma ya mchana. Nilimpa Luz maneno ya kwao nikayatia hesabu ya kwetu. Nikakaa pale pale kwenye kizingiti cha watu. Kesho magharibi sisi tunatakiwa tuwe karibu na Nizwa, Bi Salma anavaa baibui lake. Keshokutwa Luz yuko njiani Maskati.

"Nisamehe, Felisa," nikamwambia.

"Aa, nikusamehe nini? Mwalimu ni mie." Lakini alisema hivyo akilitazama kufuli.

Yule mzee wa bakora alikuwa bado amesimama, amesahau sala yake. Hakuelewa neno, lakini alielewa. Akatufungulia nyumba yake mwenyewe, akamwita mkewe, tukapewa samaki wa kuchoma na wali na chumba cha wanawake. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini usiku ule sisi ndio tuliohitaji kuponywa. Kabla ya kulala nikasema, "Kesho asubuhi na mapema tunawafuata Qalhat." Felisa akanijibu gizani neno moja, "Ugma," na hivyo ndivyo nilivyojifunza neno la kesho.

Njia ya Qalhat

Atakayekwambieni kwamba kuna barabara kutoka Sur kwenda Qalhat, muulizeni aliiona wapi. Ni mawe. Mahali pengine njia imekatwa ubavuni mwa jabali, upana wa gari moja, mkono mmoja jiwe na mkono mwingine bahari iko chini kabisa. Seif, ambaye jana alikuwa hodari wa njia za mkato, alikuwa anasoma Ayatul Kursi kwa sauti. Mimi nilikuwa naitikia.

Pale pembamba kuliko pote, kwenye kona, tukakutana na gari inakuja. Pua kwa pua. Zote zikasimama, vumbi likatufunika.

Akashuka mzee mnene, kanzu nyeupe, kilemba kimekwenda upande. Akashuka Seif. Wakaanza kwa Kiarabu nani arudi nyuma. Mzee anasema yeye anateremka na anayeteremka hana breki za kurudi. Seif anasema yeye nyuma yake kuna shimo. Mzee anasema shimo hilo analijua tangu kabla Seif hajazaliwa na si shimo la kuogopwa na mwanamume. Sauti zikapanda. Mwisho yule mzee akageuka pembeni, akajisemea kwa Kiswahili safi, "Kijana huyu hana adabu hata chembe."

"Nani hana adabu?" Seif akamjibu kwa Kiswahili.

Wakatazamana.

"Kumbe nyie watu wa Unguja!" akasema mzee. "Mbona hamsemi? Mie nimekaa Unguja ujana wangu wote!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Wazee hawajambo? Haya, rudi nyuma, tafadhali."

Nilitaka kucheka, lakini nyuma yangu mlango wa gari ulifunguliwa kwa kishindo, na Felisa akapita mbio ubavuni mwa jabali, kandambili moja imebaki njiani, anaita, "Manang! Manang!", ndivyo wanavyomwita dada mkubwa. Kutoka kwenye lile gari jingine akateremka mwanamke mfupi mwenye unga mikononi. Walikutana katikati ya zile pua mbili za gari. Sitakuelezeni walivyoshikana. Mwenye dada anajua.

Mzee huyo ndiye Hilal. Alitueleza kwamba Luz alimlilia tangu alfajiri arudishwe Sur mapema, apate kupika kabla ya wageni, na unga ule ni wa mkate alioukanda garini humo humo kwa sababu hakuweza kungoja.

"Sasa, mwanangu," akamwambia Seif, "tuseme nani anarudi."

"Harudi mtu," nikasema mimi. "Adhuhuri ikifika, sala ya safari mtaswali hapa hapa. Seif, toa jiko la mafuta."

Tukateleka chai kwenye kivuli cha gari la Hilal. Tukatoa mandazi yenye vumbi la Sinaw, wao wakatoa tende na samaki, na kwa bahati hakuna gari jingine lililokuja, au lilikuja likatuona likaghairi. Felisa na Luz walikaa juu ya mkeka, magoti yamegusana. Luz alikuwa anahadithia kwa mikono. Alionyesha mtoto alivyosimama kwa kushika mguu wa meza. Alionyesha anavyojificha mvua ikinyesha. Aliinuka akatembea vile Marivic anavyotembea, vidole ndani, kifua mbele, na Felisa alicheka huku analia, ananitafsiria nusu na nusu anameza. Felisa alipouliza jasho la juu ya mdomo, Luz akaitikia kwa kichwa, bado hutoka. Alipopewa papa wa Ibra alimkumbatia vilevile kama mtoto.

Kisha Luz akasema jambo, na Felisa akaacha kutafsiri.

"Kasema nini?"

Akakunja pindo la nguo. "Luz kaletewa barua ya kwao. Bibi yake Marivic, kila siku mtoto akilia, humwambia mamako anakuja ugma. Kila siku ugma. Sasa kajua. Ukimtajia ugma tu analia, hata ukimwambia ugma tutakula samaki, analia. Luz anauliza akifika amwambie nini."

"Nawe umemjibu nini?"

"Mie la kumjibu sina, Bi Zuwena," akasema, na hakuna hata chembe ya lawama kwenye sauti yake. "Jibu analo mwenye nyumba wangu."

Chai ilikuwa inachemka, sikuitoa. Nilimfikiria mamangu amegeukia ukuta. Nilifikiria nani atamwinua, nani atamkanda, nani atamvumilia Miyerkules. Niliogopa, nakwambieni kweli. Kisha nikamtazama yule mwanamke mwenye unga mikononi, ambaye Jumatatu atapanda ndege na kushuka kwa mtoto anayelia akisikia kesho.

"Felisa," nikasema, "umenifundisha siku na umenifundisha nyakati. Miezi hukunifundisha."

"Miezi?"

"Nisomee."

Alidhani nabadilisha mazungumzo. Akafuta uso, akaanza kwa sauti yake ya mwalimu, polepole, nipate kushika. "Enero, ndio huu tulio nao. Pebrero. Marso. Abril. Mayo..."

"Basi. Huo wa tatu."

"Marso?"

"Marso," nikasema. "Unakwenda Marso. Mama nitamshika mwenyewe, na Seif atanisaidia, apende asipende."

Seif akasema, "Napenda," kutoka chini ya gari, alikojinyoosha kivulini.

Felisa hakumtafsiria dada yake. Hakuweza, na haikuhitajika. Luz alikuwa ameshalisikia neno la kwao kutoka mdomoni mwangu. Akanishika mikono miwili, unga ukanijaa mpaka viwikoni, akaniuliza, "Marso?"

"Dili ugma," nikamwambia. Si kesho. "Marso."

Akanitaka niseme tena, taratibu, huku ananitazama midomo, ili akifika amwambie mtoto kwamba kalisikia kwa mwenye nyumba mwenyewe.